Kwenda kambi ya chini ya Everest, Aprili 2025: njia ya Nawang Sherpa

Nimesharudi Nairobi, na haya nimeyapanga kutoka kwenye daftari na picha za simu. Safari ilikuwa ya kufika kambi ya chini ya Everest, mimi na binamu yangu, bila nia ya kupanda kuvuka hapo. Kilichotupeleka ni habari za Mei 2024, Mkenya mwenzetu Cheruiyot Kirui, mfanyakazi wa benki mwenye umri wa miaka 40, alipofariki karibu kabisa na kilele. Nilizifuatilia habari zile tangu simu za kwanza za kwamba mawasiliano yamekatika. Kuna jina lililokuwa likitajwa mwishoni mwa kila taarifa kisha linaachwa hapo: Nawang Sherpa, mwongozaji aliyekuwa naye. Yeye pia hakurudi. Nilitaka kuitembea njia aliyoipita kwenda kazini, na kuwauliza watu wa kazi hiyo wanalionaje jambo lile.

Jumatano 9 Aprili, Kathmandu

Tulipitia Doha. Viza hutolewa uwanjani, dola 50 kwa siku 30, na fomu unaweza kuijaza mtandaoni kabla ya kuondoka nyumbani. Beba dola taslimu zilizo safi, maana noti yenye mkunjo mbaya hurudishwa. Rupia ya Nepal inakaribiana sana na shilingi ya Kenya, kwa hiyo hesabu za bei hazimsumbui Mkenya.

Mtaa wa Thamel una kila kitu cha mlima. Tulikodi majaketi mazito na mifuko ya kulalia badala ya kununua. Mwongozaji wetu alitufuata hotelini jioni: mtu wa Solukhumbu, wilaya ya Everest, wa maneno machache, aliyewahi kubeba mizigo Everest hadi kambi ya pili kwa misimu kadhaa, kisha akaacha kwa sababu mkewe alimwomba aache. Tulimwita dai, yaani kaka mkubwa kwa Kinepali, kama kila mtu njiani alivyomwita. Malipo yake yalikuwa dola 30 kwa siku, na mpagazi dola 22.

Kabla sijatoa pesa nilimwomba wakala anionyeshe cheti cha bima cha mpagazi, si kuniambia tu kwamba kipo. Alishangaa, lakini akakitoa. Ukienda, fanya hivyo hivyo. Na bima yako mwenyewe iseme waziwazi kwamba inagharimia helikopta na mwinuko wa hadi mita 6,000. Nyingi za kawaida huishia mita 3,000 au 4,000.

Ijumaa 11 Aprili, Manthali, Lukla, Phakding

Msimu ukichanganya, ndege nyingi za Lukla, kijiji ambako matembezi huanzia, huondokea Manthali, wilaya ya Ramechhap, si Kathmandu. Tuliondoka saa saba usiku. Barabara ya BP, tuliyopita, iliharibiwa vibaya na mafuriko ya Septemba 2024, na kando ya mto Roshi kuna mahali ambapo lami imekwisha kabisa, gari linashuka kwenye changarawe ya mto na kupanda tena upande wa pili. Dereva alizima redio kila tulipofika sehemu hizo. Tulifika alfajiri, viungo vyote vinauma, tukaambiwa mawingu yamefunga Lukla na hakuna ndege inayopaa.

Kibandani pa chai, mama mmoja alimwona binamu yangu anavyotetemeka. Akamwita ndani ya jiko lake, akamkalisha karibu na moto na kumpa kikombe cha pili asichokubali kulipwa. Hatukuwa na lugha ya pamoja hata kidogo. Ndege ilipaa saa nne.

Kiwanja cha Lukla kina urefu wa mita 527 tu, kimejengwa kwenye mteremko, na mwisho wake ni ukuta wa mlima. Rubani hana nafasi ya kughairi. Nilifumba macho nikayafumbua tukiwa chini.

Unapotoka Lukla unapita chini ya lango lenye sanamu ya Pasang Lhamu Sherpa, mwanamke wa kwanza wa Nepal kufika kilele cha Everest, Aprili 1993. Alifariki akishuka. Dai aligusa nguzo kwa vidole, akaendelea na mwendo.

Saa tatu za kutembea hadi Phakding zilinionyesha kazi yenyewe. Wapagazi wa watalii hubeba mabegi yetu. Wapagazi wa biashara hubeba kila kitu kingine: gesi, mchele, maji ya chupa, mabati. Kijana mmoja, sidhani kama alizidi miaka ishirini, alikuwa na mbao pana mgongoni zilizomzidi urefu, uzito wote ukining'inia kwenye mkanda uliopita kwenye paji la uso. Aliposimama hakuutua mzigo. Aliuegemeza kwenye kifimbo chake kifupi chenye umbo la T, akavuta pumzi kwa mluzi, na alipousogeza mkanda nikaona chini yake ngozi laini, inayong'aa, isiyo na unywele. Hawa hulipwa kwa kilo. Dai alisema kilo sitini si ajabu.

Ukikutana na msafara wa yaki, simama upande wa mlima, kamwe usisimame upande wa bonde. Na kwenye madaraja ya kuning'inia subiri mpaka wanyama wote wavuke.

Jumamosi 12 na Jumapili 13 Aprili, Namche

Vibali viwili, cha halmashauri ya eneo na cha hifadhi ya Sagarmatha, vilitugharimu kiasi cha rupia elfu sita kila mmoja. Kutoka mtoni hadi Namche, mita 3,440, ni kupanda tu. Siku ya pili ni ya kuzoea mwinuko, na usiiruke hata ukijiona mzima.

Bei hupanda pamoja nawe. Wali wa dengu, dal bhat, tulianza kuupata kwa rupia 700, na juu kabisa ukapita elfu moja. Lakini ndiyo sahani pekee unayoongezewa bila kulipa tena, na tulikula hiyo mchana na usiku. Kuchaji simu, kuoga maji moto, hata maji ya kunywa yaliyochemshwa, yote yanalipiwa. Toa pesa za kutosha kabla ya kuondoka Namche, kwa sababu juu ya hapo usitegemee mashine.

Jumatatu 14 Aprili, Tengboche

Ilikuwa mwaka mpya wa Nepal, 2082, na kila tuliyekutana naye alitusalimu kwa furaha. Msitu wa chini ya Tengboche ulikuwa umechanua maua mekundu. Wapandaji husimama kwenye nyumba ya watawa hapo kuombewa dua kabla ya kwenda juu.

Usiku, sote tukiwa tumezunguka jiko la samadi ya yaki, nilimuuliza dai kama alimjua Nawang. Alisema alimjua kwa sura. Nikamweleza tulivyozisikia habari kwetu: kwamba Kirui alitaka kufika kileleni bila oksijeni ya chupa, kama alivyofanya kwenye mlima Manaslu mwaka 2023, kwamba tarehe 22 Mei, kwa mujibu wa wapandaji wenzake waliokuwa wakitoa taarifa, Nawang alipiga simu ya upepo kusema mteja wake amebadilika, anakataa kurudi na anakataa chupa, kwamba baada ya hapo kukawa kimya. Waokoaji waliukuta mwili wa Kirui mita chache chini ya kilele. Nawang hawakumwona.

Dai alikaa kimya mpaka nikadhani hatajibu.

"Wewe unaniuliza nani alikosea," akasema.

"Nauliza Nawang angeweza kufanya nini."

"Angeweza kushuka." Akachochea moto. "Akishuka peke yake, hapa kijijini watamuuliza mteja yuko wapi. Wakala atamuuliza. Nyinyi Wakenya pia mngemuuliza. Msimu ujao nani atamchukua?"

Binamu yangu akasema kwamba Kirui alikuwa mtu mzima na alijua hatari.

"Ndiyo, alijua," dai akajibu. "Hiyo ni yake. Ya Nawang je?"

Swali hilo sijaacha kulibeba. Siandiki haya kumlaumu marehemu. Alikuwa mpandaji hodari, alikuwa na ndoto kubwa, na watu waliowahi kupanda naye Mlima Kenya bado wanamlilia. Hakuna aliye hai aliyeona saa zao za mwisho. Lakini yule aliyelipwa kukaa karibu naye pia alikuwa na nyumba iliyokuwa ikimsubiri, na sisi tuliokuwa mitandaoni tulimtaja kama sehemu ya vifaa.

Jumanne 15 na Jumatano 16 Aprili, Dingboche

Mita 4,410. Binamu yangu aliumwa kichwa, akakosa hamu ya kula. Mwenye nyumba alimpikia supu ya vitunguu saumu bila kuagizwa, akamletea blanketi lake mwenyewe la sufu. Asubuhi alikuwa nafuu. Kama asingepata nafuu tungeshuka, na hilo tulikubaliana tangu Namche.

Siku ya mapumziko tulivuka kilima hadi Pheriche, kwenye kliniki ya Himalayan Rescue Association. Wakati wa msimu madaktari wa kujitolea hutoa mazungumzo alasiri kuhusu maradhi ya mwinuko. Nendeni. Daktari alieleza jinsi ubongo unavyovimba: kwanza mtu anapepesuka, kisha anakuwa mkali au mzito wa kuelewa, kisha analala na haamki. Akasema mgonjwa mwenyewe ndiye wa mwisho kujua kwamba anaumwa, na kwamba wenzake wasimwulize kama anataka kushuka; wamshushe.

Kileleni pa Everest, mita 8,849, hewa ina takriban theluthi moja tu ya oksijeni ya usawa wa bahari. Kwa hiyo tukisema "mteja alikataa", tunazungumzia kukataa kwa namna gani? Mtu aliye katika hali ile hawezi kuhesabiwa kwamba ameamua, wala jukumu haliwezi kumwishia yeye pale juu. Uamuzi halali ni ule alioufanya kambini, akili ikiwa timamu. Na kama kambini hakuna aliyemwambia, na yeye akatia saini, kwamba mwongozaji akisema turudi tunarudi, au kwamba mteja akigoma mwongozaji ana ruhusa kamili ya kujiokoa, basi wote wawili wamepelekwa juu bila kinga.

Alhamisi 17 Aprili, Thukla hadi Lobuche

Baada ya Thukla kuna mwinuko mkali, na juu yake uwanda wenye minara ya mawe ya kuwakumbuka waliofia milimani. Bendera za dua zinapigwa na upepo mpaka husikilizani. Mnara wa Babu Chiri Sherpa, aliyekaa kileleni saa 21 bila oksijeni mwaka 1999 na kufa mwaka 2001, upo hapo. Wa Scott Fischer pia.

Fischer alikuwa mmoja wa viongozi wawili wa misafara ya biashara waliokufa Mei 1996, pamoja na Rob Hall wa New Zealand. Watu wanane walikufa katika dhoruba ile ya tarehe 10 na 11. Mjadala wa wakati huo ulikuwa juu ya viongozi: kwa nini watu walikuwa bado wakipanda baada ya saa nane mchana, saa iliyokuwa imetajwa kuwa ya kugeuka, kwa nini kamba hazikuwa zimefungwa mapema, je, mteja aliyelipa maelfu ya dola anaambiwaje rudi akiwa anakiona kilele? Hall alibaki na mteja wake Doug Hansen aliyekuwa ameishiwa nguvu, na wote wakafa. Dunia ilimheshimu kwa hilo, na ilistahili. Nawang, kwa jinsi tunavyojua, alifanya jambo hilo hilo, ila yeye hakuwa mwenye kampuni wala si yeye aliyeupanga mpango ule.

Siku moja kabla ya Kirui na Nawang, tarehe 21 Mei 2024, Mwingereza mmoja na mwongozaji wake Msherpa, wa jamii ya milima hiyo, walitoweka ukingo wa theluji ulipokatika karibu na kilele. Jozi mbili kwa siku mbili.

Lobuche usiku maji yaliganda ndani ya chupa. Lala na betri za simu ndani ya mfuko wa kulalia.

Ijumaa 18 Aprili, Gorak Shep na kambi ya chini

Ilikuwa Ijumaa Kuu. Pia ilikuwa tarehe ile ile ambayo, mwaka 2014, pande la barafu liliporomoka alfajiri kwenye Maporomoko ya Khumbu, mteremko wa barafu ulio juu tu ya kambi ya chini, na kuua wafanyakazi 16 wa Nepal waliokuwa wakipandisha mizigo ya misafara. Watatu hawakupatikana.

Tulifika kambini mchana, mita 5,364. Mahema ya manjano yamejipanga juu ya mawe na barafu, na kila baada ya muda barafu inapasuka chini ya miguu kwa mlio mzito. Kutoka hapo kilele hakionekani. Kinachoonekana ni yale maporomoko yenyewe, meupe na ya buluu, yenye nyufa na minara iliyoinama. Mteja huyapita mara chache kwa msimu. Mfanyakazi anayapita tena na tena, akiwa amebeba hema la mtu mwingine, jiko, na chupa za oksijeni.

Tulikaa kwenye jiwe na mpishi mmoja wa msafara aliyetukaribisha chai ya maziwa. Alikuwepo 2014. Alisema kilichowauma zaidi baada ya kubeba miili ni tangazo la serikali: rupia 40,000 kwa kila familia ya marehemu, kama dola 400, za mazishi. Wafanyakazi waligoma, wakatoa madai yao, na msimu ukafa. Bima ya kifo ikapandishwa kutoka rupia milioni moja hadi milioni moja na nusu.

Nikafanya hesabu pale pale. Mei 2024 kibali cha mgeni mmoja kupanda Everest kilikuwa dola 11,000, yaani takriban hiyo hiyo milioni moja na nusu. Ada moja ya kuingia mlimani ilikaribia thamani ya maisha ya mtu anayekupandisha. Nilimwonyesha mpishi namba kwenye simu. Alitazama, akatikisa kichwa, akaniongezea chai.

Jumamosi 19 na Jumapili 20 Aprili, Kala Patthar na kushuka

Tulitoka saa kumi alfajiri kwa taa za kichwani kupanda Kala Patthar, kilima cha kutazamia Everest. Baridi ilikuwa kali kiasi cha kuzima simu ya binamu yangu. Jua lilipopanda, kilele cha Everest kilikuwa mbele yetu, cheusi, kikitoa utepe wa theluji upande mmoja. Familia ya Kirui iliamua mwili wake ubaki kule, isihatarishe maisha ya watu wengine kuuteremsha. Nadhani huo ni uamuzi wa heshima kubwa kuliko mengi yaliyosemwa juu ya mkasa ule, na ndio uliowafikiria Washerpa waziwazi. Tuliwaombea wote wawili kwa majina, Kirui na Nawang.

Tahadhari moja ya kushuka: mtu akikushawishi upande helikopta kwa sababu ya kichwa kuuma kidogo, muulize daktari wa Pheriche kwanza. Mwaka 2018 ilifichuka biashara nzima ya uokoaji wa uongo wa kukamua bima. Lakini anayepepesuka au anayekohoa povu asisubiri lolote.

Pasaka tulishukia Namche, miguu imevimba. Siku ya Lukla haina la kusimulia.

Jumatano 23 Aprili, Kathmandu

Upepo ulitukwamisha Lukla hadi siku iliyofuata, kwa hiyo weka akiba ya siku mbili kabla ya ndege yako ya nyumbani. Tulimpa dai na mpagazi bahasha zao mkononi, kila mmoja yake, tusipitie kwa wakala.

Mchana nilikwenda kuzungumza na mzee mmoja aliyepanga misafara ya Everest kwa miaka mingi. Aliniambia kuanzia Septemba 2025 kibali kingepanda hadi dola 15,000, na kanuni mpya zinataka mwongozaji mmoja kwa kila wapandaji wawili kwenye milima ya zaidi ya mita 8,000. Nilimuuliza kama kanuni hizo zinasema nani mwenye neno la mwisho mteja akikataa kugeuka. Akasema hilo huachiwa mkataba, na mikataba mingi inamkinga mwenye kampuni tu. Pia akanikumbusha kwamba mwongozaji hupata ziada ya pesa mteja akifika kileleni, na anayegeuzia njiani mara nyingi huikosa.

Wapo Wakenya wanaojiandaa kwenda juu. James Kagambi alifika mwaka 2022 akiwa na miaka 62, na wengine watafuata. Kwao, na kwa sisi tunaochangishana kuwapeleka, haya ndiyo niliyoandika daftarini baada ya kutoka kwa mzee yule. Taka mkataba unaotaja saa ya kugeuka na kumpa mwongozaji neno la mwisho, utiwe saini Kathmandu, na nakala yake aisome mwongozaji kwa lugha yake. Mlipe ziada ile ile mkigeuka kama mkifika. Ona bima yake kwa macho, jina la mrithi likiwa limejazwa. Kama unapanda bila oksijeni, yeye apande nayo, na muamue mkiwa kambini ni dalili zipi zitakufanya uwekewe barakoa bila kuulizwa. Kwenye bajeti ya michango liwepo fungu la familia yake, liwekwe mahali kabla hajavaa viatu vyenye meno ya chuma. Mwenye kampuni akikuambia hayo hayafanyiki Nepal, tafuta mwingine. Mzee yule aliniambia yeye huyafanya.